Farasi Anaomba au Anadai? Mwongozo Kamili wa Kumsoma Farasi Anapoona Kitafunwa

Siku niliyong'atwa, watu wawili waliokuwa kando yangu walisema kitu kimoja: "Huyo farasi mkali." Nikakubali, maana kidole kilikuwa kinauma na lawama ilihitaji pa kutua. Usiku ndipo nilipoanza kuirudia ile picha kichwani. Jike wa kijivu, kipande cha karoti kati ya vidole vyangu viwili, na mimi nikipiga soga na mtu aliyesimama ng'ambo ya uzio. Jike akatanua matundu ya pua. Nikaendelea na soga. Akanisukuma begani kwa kichwa. Nikacheka, nikarudi nyuma hatua moja. Akalaza masikio, mdomo wa juu ukakaza. Hapo ndipo nikamnyooshea mkono bila hata kumtazama, karoti nimeishika kama mtu anayeshika kalamu. Taarifa tatu alikuwa ameshanipa. Ya nne ikawa meno.

Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Methali hii inamwonea punda, na inamwonea farasi pia. Kabla ya teke au jino huwa pametangulia maneno mengi ya mwili, na anayeyakosa ni yule mwenye karoti. Mwongozo huu unakwenda nawe tangu kabla hujatia kitafunwa mfukoni hadi unapoondoka.

Kabla ya yote: jua anavyoona na anavyokula

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu mzunguko mzima, takriban nyuzi 350, lakini sehemu mbili zinamponyoka: moja nyuma yake usawa wa mkia, nyingine mbele ya paji la uso na chini ya pua. Kwa hiyo kitafunwa kikishakaribia mdomo hakioni tena. Anakitafuta kwa harufu, kwa sharubu, na kwa mdomo wa juu ambao kwake hufanya kazi ya kidole. Kwa mdomo ule, kidole chako na kipande cha karoti vina umbo moja. Ndiyo maana hata farasi mpole kabisa anaweza kukuuma, na akashangaa kuliko wewe.

Jambo la pili ni tumbo. Farasi aliyeachwa malishoni hula karibu saa 16 kwa siku, kidogo kidogo. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 tu kwa mnyama wa kilo 500, na asidi inamwagika humo muda wote, awe amekula au hajala. Farasi aliyefungiwa bandani kwa muda wa saa sita bila nyasi anakuja kwako na tumbo linalomchoma. Utakachokiona hapo ni njaa, na njaa huwezi kuifundisha adabu. Wengi niliowakuta na sifa ya ulafi walitulia kwa kiasi kikubwa pale tu nyasi kavu zilipoanza kukaa mbele yao muda mrefu zaidi. Basi kabla ya somo lolote la vitafunwa, mwache ale nyasi kwanza.

La tatu ni kundi. Farasi wakiwa pamoja, ukubwa unaonekana kwa swali moja: nani anamfanya mwenzake asogeze miguu? Na hakuna mahali linapojibiwa haraka kama penye chakula. Sasa irudie ile hatua moja niliyorudi nyuma nikicheka. Kwangu ulikuwa utani. Kwake nilikuwa nimesogezwa.

Hatua ya 1: omba ruhusa, kisha jiandae

Farasi si wako? Usimpe kitu bila kumuuliza mwenye naye. Wapo wenye maradhi ambayo tufaha moja linatosha kuyaamsha, na wapo wanaofundishwa kuacha kudokoa mikono, ukaja wewe ukaharibu kazi ya miezi miwili kwa dakika moja. Vitafunwa viweke kwenye kifuko cha kiunoni chenye kufunika, upande ulio mbali na farasi. Mfuko wa koti ulio wazi ni mwaliko.

Watoto wadogo wa farasi usiwalishe mkononi kabisa. Umri ule kila kitu wanakijaribu kwa meno, na ukishamwonyesha kwamba mkono ni chakula, utajuta akifika kilo 400.

Hatua ya 2: simama mahali anapokuona

Usimwendee usoni moja kwa moja wala usitokee nyuma. Njoo kwa pembeni, usawa wa bega, ukimsemesha. Mwanzoni kaa nyuma ya uzio au mlango wa banda. Hiyo ndiyo shule bora kwa wote wawili, kwa sababu akikosea hakufikii, nawe huna sababu ya kurudi nyuma kwa hofu. Simama umbali wa mkono mmoja na nusu, kitafunwa kikiwa bado kifukoni. Tulia. Mtazame angalau nusu dakika kabla ya kufanya lolote.

Hatua ya 3: msome, tangu masikio hadi kwato

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi hupita juu juu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha mfumo wa kuorodhesha miondoko ya uso wa farasi na kuhesabu miondoko 17. Huhitaji kuijua yote. Unahitaji kujua kwamba uso ule haukai kimya, na kwamba kiungo kimoja peke yake hakikupi jibu.

Anza na masikio kwa kuwa ndiyo rahisi. Kila sikio linageuka peke yake, karibu nusu duara. Yakielekea mbele yote mawili, akili yake iko kwako, au kwa kifuko chako. Sikio moja mbele na jingine likizunguka nyuma ni farasi anayekusikiliza huku akipima mazingira. Huyo yuko sawa. Yakining'inia pembeni kama majani ya mgomba yaliyokosa upepo, amelegea, pengine anasinzia. Kosa kubwa hutokea kwa masikio yaliyoelekea nyuma. Kuelekea nyuma ni kusikiliza kilicho nyuma. Kulala ni jambo jingine: yanabanwa chini hadi yakigusana na shingo, ukimtazama kutoka mbele ni kama hana masikio. Hilo la pili likitokea wakati mkono wako umekaribia, usiendelee.

Shuka kwenye macho. Jicho lililotulia ni laini, kope halina mikunjo. Mfadhaiko huonekana kama mikunjo ya pembetatu juu ya jicho, kana kwamba nyusi imevutwa juu. Weupe wa jicho ukitokeza ghafla, chukulia kuwa ni hofu, ila kumbuka kuna farasi ambao weupe wao huonekana siku zote. Ndiyo maana unamtazama nusu dakika kwanza: unatafuta hali yake ya kawaida ili uone kinachobadilika.

Halafu pua na mdomo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Simama na jike wangu wa kijivu asubuhi, kabla hajajua una nini. Matundu ya pua ni marefu, yamelegea. Mdomo wa chini unaning'inia kidogo, wakati mwingine na tone la mate. Sasa gusa kifuko, gusa tu. Matundu yanatanuka, anavuta harufu, na mdomo wa juu unaanza kurefuka, ukichezacheza kana kwamba tayari unapekua kitu. Hiyo ni hamu, na hamu si kosa. Pengine atatoa ule mlio wa chini unaotetemesha pua, ambao mama humtolea mwanawe na farasi wengi humtolea anayewaletea chakula. Subiri sekunde kumi zaidi bila kutoa kitu. Pua inakunjamana upande wa nyuma kama ya mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha, midomo inabanwa, kidevu kinakuwa kigumu kama jiwe. Hapo hamu imegeuka hasira ya kunyimwa. Umbali kati ya hizo hali mbili ni mfupi sana, na kazi yako yote ni kuingia kabla haujavukwa.

Usichanganye hayo na farasi anayekunja mdomo wa juu kwenda juu kabisa hadi meno yanaonekana, shingo kainyoosha. Huyo anaipeleka harufu ngeni kwenye kiungo maalumu kilicho ndani ya pua ili aichambue vizuri. Watu husema anacheka. Hacheki, na wala hataki kukuuma.

Malizia na shingo, miguu na mkia. Shingo iliyoshuka ni utulivu. Iliyoinuka na kukaza ni tahadhari. Kichwa kinachorushwa juu na chini, kwato la mbele linaloparapara sakafu, mlango wa banda kugongwa, yote hayo mara nyingi ni farasi aliyewahi kufanya hivyo na akapewa. Huenda wewe ndiye uliyempa. Mkia unaopigapiga mahali ambapo hakuna nzi ni kero. Na akianza kugeuza makalio kukuelekea huku masikio yamelala, sahau vitafunwa. Ondoka kwa pembeni, taratibu, bila kumpa mgongo.

Hatua ya 4: mkono wenyewe

Kunjua kiganja kiwe bapa kama sahani. Vidole vinne vikae pamoja, vimenyooka, na kidole gumba kibanwe ubavuni mwa kiganja. Gumba ndilo watu husahau, na ndilo huumwa. Kitafunwa kikae katikati ya kiganja, mbali na ncha za vidole.

Mpelekee usawa wa mdomo wake pale kichwa kilipo kikiwa kimenyooka mbele ya kifua chake. Usimvute aje kwenye tumbo lako, kwani utakuwa umemfundisha kwamba chakula kinapatikana kwa kukukaribia. Anapofikisha mdomo, sukuma kiganja kidogo kwenda juu. Mwoga hufanya kinyume: midomo ikimgusa, anautoa mkono kwa haraka, kitafunwa kinaanguka, na farasi anajifunza kwamba lazima anyakue kabla hakijakimbia. Mikono miwili mitatu ya namna hiyo inatosha kumtengeneza mnyakuzi.

Ukiona huwezi kutuliza mkono, tumia ndoo au sinia pana. Hakuna aibu. Kwa farasi ambaye tayari anauma, ndoo ndiyo ninayoanza nayo.

Hatua ya 5: mfundishe kwamba kungoja kunalipa

Siri iko hapa: unalipa kile alichokuwa akifanya sekunde ile ile kabla ya kitafunwa kutokea. Haijalishi ulikusudia nini. Akikupekua mfukoni, ukasema "acha", kisha ukampa ili atulie, umelipa kupekua.

Simama nyuma ya uzio ukiwa na vipande vidogo kama ishirini, kila kimoja si kikubwa kuliko ncha ya kidole gumba. Chagua sauti moja fupi itakayomaanisha "umepata". Wapo wanaopiga kidoko cha ulimi, lakini ikiwa kidoko ndicho unachotumia kumwendesha mbele ukiwa juu ya tandiko, chagua neno badala yake. Mimi nasema "haya".

Sasa usifanye kitu. Atakunusa, atakusukuma mkono, atalamba mkanda. Simama kama mti. Usimsukume, usimkemee, maana kwa farasi aliyechoka bandani hata kusukumana ni mchezo. Mapema au baadaye atageuza pua pembeni, hata kwa kuchoka tu. Papo hapo: "haya!", kisha mkono uende kifukoni, kisha mpelekee kitafunwa pale pale pua yake ilipo, mbali nawe. Rudia. Kwa kawaida kabla vipande havijaisha utaona mtu, samahani, farasi, akigeuza kichwa kwa makusudi na kukutupia jicho moja kuona kama umeona.

Ukishampata hapo, ongeza muda kidogo kidogo: sekunde moja, mbili, tatu, tano. Kisha lipa uso pamoja na shingo. Ukilipa kichwa kilichogeuka huku masikio yamelala, utapata farasi mwenye adabu ya shingo na chuki ya masikio, na hayo nimeyaona. Ngoja masikio yarudi mbele au pembeni ndipo useme "haya".

Angalizo: farasi aliyezoea kulipwa kwa kusumbua, ukiacha kumlipa, atasumbua zaidi kwanza. Ataparapara kwa nguvu, atagonga mlango, kama mtu anayebonyeza swichi mara kumi taa ikikataa kuwaka. Ukikata tamaa hapo ukampa, umemfundisha kwamba bei ya karoti imepanda. Na kumpa mara moja moja ni kubaya zaidi ya kumpa kila mara, maana asiyejua lini atapata hachoki kujaribu. Kama nyumbani mko watu wanne, wote wanne wafuate utaratibu mmoja, la sivyo anza na kuwafundisha hao.

Naye anakusoma

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifika kwa kujua hesabu. Akiulizwa jumla, hugonga kwato mara zinazotakiwa, naye hupewa kipande cha mkate au karoti. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst aliligundua jambo lenyewe: idadi ilipotimia, muulizaji alibadilisha kichwa na mwili kidogo mno, bila yeye mwenyewe kujua, na Hans akaacha kugonga. Muulizaji asiyejua jibu, Hans naye hakulijua. Watu hucheka kwamba farasi hakujua hesabu. Mimi hushangaa alivyowajua watu.

Kwa hiyo mkono wako ukigusa kifuko kabla ya "haya", somo lako limekuwa juu ya mkono. Zitenganishe: sauti kwanza, mkono baadaye, na kati ya vipande mikono ikae imetulia mahali pamoja. Ukiwa na haraka au hasira, pumzi na mabega yako yatasema kabla yako. Siku hizo mimi huacha karoti nyumbani.

Hatua ya 6: wakiwa wengi

Usiingie malishoni penye farasi watatu ukiwa na vitafunwa. Mdogo atakaribia, mkubwa atamfukuza, na njia ya kukimbilia itapita ulipo wewe. Teke lililokusudiwa mwenzake halichagui. Mtoe mmoja, mpeleke mahali pengine, mpe huko.

Hatua ya 7: nini, na kiasi gani

Farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Kitafunwa ni chumvi tu juu ya mlo huo: karoti moja au mbili, au tufaha moja, vikigawanywa katika vipande vyote vya siku. Karoti ikate kwa urefu, vipande vyembamba. Vile vya mviringo vinaweza kukwama kooni. Hilo si dogo, kwa sababu farasi hawezi kutapika. Ukimwona ananyoosha shingo, anakohoa, mate na chakula vinamtoka puani, ondoa chakula na maji yote, mwite daktari wa mifugo mara moja.

Parachichi, vitunguu, chokoleti, viazi vibichi na majani ya nyanya visimfikie. Kabichi na jamii yake humjaza gesi. Nyasi mbichi zilizofyekwa na kulundikwa huchacha haraka na zinaweza kumletea maumivu makali ya tumbo. Kwa farasi mnene, au aliyewahi kuvimba ndani ya kwato, hata sukari ya karoti ni ya kuulizia daktari. Huyo mpe konzi ya nyasi zake zile zile kutoka mkononi. Utashangaa jinsi zinavyonoga zikitoka mkononi.

Hatua ya 8: akikataa

Kukataa nako ni maneno. Farasi mwoga hufunga mdomo na kuinua shingo, huku mwili wote ukiegemea nyuma. Usimvutie karibu kwa chakula. Atanyoosha shingo achukue huku miguu ikitaka kukimbia, na hapo kuruka ghafla ni rahisi. Weka kitafunwa kwenye ndoo, rudi nyuma, mwache aamue. Anayetaka lakini anatema, anatafuna kwa upande mmoja au kudondosha mabonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu, angaliwa meno. Na aliyekuwa akikimbilia karoti jana, leo hata kuinusa hataki, asingojwe hadi kesho.

Wapo pia wasiojali chakula sana. Hao jaribu kuwakuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hukunana wao kwa wao kwa meno. Kukunwa hapo hupunguza hata mapigo ya moyo. Ukipapata penyewe, mdomo wa juu utarefuka na kupinda, macho yatalegea, na huenda akageuka kukurudishia fadhila kwa kukukuna wewe, kwa meno. Mgeuze kichwa taratibu; hana nia mbaya.

Hatua ya 9: kufunga duka

Farasi hajui somo limekwisha mpaka umwambie. Kipande cha mwisho kikishaliwa, mimi hufunga kifuko, hukunjua mikono yote miwili mitupu mbele ya pua yake, na kusema "basi". Siku za kwanza jike wa kijivu alivilamba viganja vyote, akakagua kifuko, akaparapara sakafu mara mbili, kisha akanitazama nikiondoka. Sasa hunusa kiganja kimoja tu, hupumua kwa nguvu mpaka nausikia ujoto wa pumzi kwenye kile kidole chenye kovu, na kurudi kwenye nyasi zake kabla sijafika mlangoni.